Mlango wa Kwanza wa Kijani

Niseme mapema ili nisisumbuliwe na maswali: mlango niliupaka mimi. Wajukuu wangu wakisimuliana habari hii hupenda kumsingizia baba yangu, eti mzee alilewa sifa akataka nyumba ya bluu. Baba hakuhusika. Yeye alikuwa mtu wa kuridhika na mlango wowote ule mradi unafunga.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ikiwa bado haijaondolewa, nasi tuliishi katika kijiji kimoja nje kidogo ya Thika, ng'ambo ya mto. Si kijiji tulichokichagua. Serikali ilitutoa kwenye maboma yetu ikatupanga safu kwa safu, nyumba zote kimo kimoja, udongo uleule, nyasi zilezile, mlango ukitazama mlango. Mtu aliyerudi kutoka shambani na mawazo mengi aliweza kuingia kwa jirani, akakaa, akaitisha maji ya kunawa kabla hajagundua kwamba mke anayemletea maji si wake. Watu wengi walipaka milango yao oili chafu ya magari ili mchwa wasiile, kwa hiyo karibu safu yetu nzima ilikuwa nyeusi. Milango miwili tu ndiyo iliyokuwa ya kijani, kwa sababu baba na jirani yetu waligawana mkebe mmoja wa rangi uliobaki walipomaliza kupaka madirisha ya kanisa. Ukitoka mtoni, mlango wa kwanza wa kijani ulikuwa wetu. Wa pili, hatua kama arobaini mbele, upande ule mwingine wa njia, ulikuwa wa jirani.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilikuwa na kijana wangu kule Ruiru, upande wa Gitothua, fundi wa kuchonga mawe. Tulikutana soko la Thika siku aliyokanyaga kikapu changu cha mayai, akayanunua yote, yaliyovunjika na mazima. Mwaka mzima tulionana sokoni na kwenye mikutano ya kanisa. Nyumbani kwetu hakuwahi kufika, maana kwetu kijana hafiki kwa msichana kabla wazee wake hawajafika. Wazee wake walipokubali hatimaye kuja, aliniandikia barua akiuliza njia. Nikamjibu kwa mwandiko wangu mzuri: vukeni daraja, ingieni safu ya tatu, mshike mlango wa kwanza wa kijani. Nikaongeza kwamba wasiulize watu njia, kwa sababu watu wa hapa wanapenda maneno.

Wiki mbili baadaye nikaupaka mlango ule rangi ya bluu. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Barua ilikuwa upande mmoja wa kichwa changu na mkebe wa rangi upande mwingine, na hizo pande mbili hazikuwahi kusalimiana.

Kisa cha kupaka rangi ni kwamba mama yake kijana alikuwa amesema watu wa vijiji vyetu wanaishi kama kuku kwenye tenga. Kijana mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akicheka. Mimi sikucheka. Nilienda nyumbani nikautazama ule mlango wa kijani, uliobabuka chini kwa maji ya mvua na kuchorwa makucha na mbwa, nikaona ni kweli, ni mlango wa tenga. Nikaapa kwamba mama yule, au yeyote atakayetumwa kumpelekea habari, atakuta mlango ambao hata Ruiru haupo.

Na ilibidi mambo yaende sawa siku hiyohiyo, kwa sababu siku nyingine haikuwapo. Wageni walihitaji pasi ya kutoka kwao na kuja kwetu. Waliingojea miezi minne. Ilipotoka ilikuwa ya watu watano, ya siku moja, Jumamosi, nao walitakiwa wawe wamerudi kwenye lango la kijiji chao kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baba yake kijana alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hatapanga foleni ile mara ya pili kwa ajili ya msichana wa mtu yeyote, hata akiwa na meno ya dhahabu, kwani Ruiru hakuna wasichana? Kwa hiyo ama mambo yangeanza Jumamosi ile, ama mimi na fundi wangu wa mawe tungebaki kusalimiana sokoni hadi tuzeeke.

Rangi niliinunua duka la Mhindi mmoja pale Thika kwa pesa zangu za kuchuma kahawa. Alinieleza vizuri, sina lawama naye: chuja rangi, izimue kwa tapentaini, paka nyembamba, ngoja nusu siku. Tapentaini sikuwa nayo. Nikaizimua kwa mafuta ya taa. Brashi sikuwa nayo pia, nikaponda kipande cha mkonge kwa jiwe hadi nyuzi zikatoka, kikawa brashi. Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Nikaanza Jumamosi alfajiri, nikapaka si nyembamba bali nene, kwa sababu nilitaka ionekane hadi Ruiru.

Mama alitoka na karai la maganda, akasimama.

"Ngai! Umetuletea zahanati nyumbani?"

Zahanati ya Thika ilikuwa na rangi hiyohiyo, sikuwa nimekumbuka. Baba naye akatoka, akautazama mlango kwa muda mrefu huku ameshika kidevu, kisha akasema, "Unaonekana." Hakuna aliyejua kama ni sifa au ni shutuma. Lakini baadaye nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa akipita, "Ni huyu msichana wangu," kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu aliyechukizwa.

Saa ya kukauka ikafika, mlango haukukauka. Ikapita. Saa sita mchana ulikuwa bado unatiririka kama kidonda na kunuka kama taa iliyozimwa. Tukauegemeza kwa jiwe ukae wazi, tukawa tunapita upande upande, tumbo ndani. Nilikuwa bluu hadi kwenye viwiko, na sabuni ilikuwa inaisambaza tu. Mama akaniambia niingie nyuma ya pazia nikae huko, maana msichana anayekuja kuulizwa haonekani mpaka aitwe, na hasa msichana wa rangi hiyo.

Kwa hiyo niliwaona kupitia tundu la pazia na mlango ulio wazi. Wazee wanne, makoti na kofia, wakipanda kutoka mtoni kwa msafara, wamechafuka kwa safari ya gari la moshi na ya miguu. Wa tano nyuma kabisa alikuwa yeye, na viatu vipya vilivyomfanya atembee kwa tahadhari. Wakaingia safu yetu. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye fimbo, alikuwa anatazama milango mmoja mmoja. Mweusi, mweusi, mweusi. Akafika kwetu, akasimama. Akautazama mlango wa bluu, akausogelea, akaunusa. Akatikisa kichwa, akaendelea mbele.

Ndipo zile pande mbili za kichwa changu ziliposalimiana.

Waliingia kwa jirani. Nilimsikia akiwapokea kwa ile sauti yake kubwa ya shemasi, "Karibuni, karibuni sana, ingieni ndani!" Alikuwa mtu mwenye adabu kuliko wote niliowahi kujua. Mtu huyo angemkaribisha mwizi na kumpa kiti.

"Baba," nikaita nyuma ya pazia, "wale ni wageni wetu."

"Nimewaona," akasema baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake amevaa koti la kanisani, na mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Wamekosea nyumba. Niliwaandikia mlango wa kijani."

Mama akaweka mwiko chini polepole. Akasema, "Haiya," kisha akasema tena, "Haiya," kwa sauti ya chini zaidi.

"Si uende uwaite?" nikamwambia baba.

"Niwaite?" Akanigeukia kana kwamba nimemwambia avue suruali. "Nitoke hapa niende kwa mtu mwenye wageni ndani, nimwambie hawa wageni ni wangu, nipe? Na athoni nao wanione nimetoka mbio kuwafuata? Watasema huyu mzee ana njaa, anamtembeza binti yake kama mbuzi wa mnada."

Na hapo, msomaji, ndipo penye kufuli. Athoni, yaani wakwe, ndio wanaokutafuta, wewe huwatafuti. Ukiwatafuta umejishusha, na umemshusha binti yako pamoja nawe. Mama hangeweza kwenda, kwa sababu mama wa msichana hukaa jikoni. Mimi sikuweza kwenda, kwa sababu sikuwa hata natakiwa kuonekana. Jirani naye hangewauliza wageni shida yao kabla hawajanywa kitu, maana kumwuliza mgeni umekuja kufanya nini ni kama kumwonyesha njia ya kutokea. Na wageni wenyewe hawangetaja jina la msichana, kwa sababu anayeanza kwa kutaja jina ameonyesha pupa. Watu kumi na zaidi, hatua arobaini, na hakuna mdomo hata mmoja uliokuwa na ruhusa.

Nilitoka nyuma ya pazia hata hivyo, nikasimama mlangoni petu. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, na kijana wangu alikuwa ameketi karibu kabisa na kizingiti, mahali pa mdogo wa wote. Akainua macho akaniona. Akautazama mlango wetu, akanitazama mikono. Kisha akainamisha kichwa. Nikafikiri, ni haya. Nikafikiri, sasa amejua, atawaambia. Mama akanivuta ndani kwa gauni.

Hakuwaambia.

Yaliyotendeka mle ndani nilisimuliwa baadaye na binti wa kati wa jirani, rafiki yangu, na sina sababu ya kumtilia shaka. Kwanza baba yake aliomba. Aliwaombea wageni, safari yao, gari la moshi, na jambo lao ambalo yeye halijui bado lakini Mungu analijua. Kisha mama mwenye nyumba akapika chai. Msemaji wa Ruiru akasimama, akakohoa, akasema kwa mafumbo ya kawaida kwamba kijana wao alipita pande hizi akaona kitu kizuri katika boma hili, akakosa usingizi. Jirani akawatazama mabinti zake watatu, waliokuwa wamejipanga kwenye mlango wa jikoni, na moyo wake ukajaa. Miaka yote alikuwa akiomba mtu mmoja aje, na sasa wamekuja watano.

Zamani ilikuwa pombe ya muratina: msichana huitwa mbele ya wazee akaulizwa, "Pombe hii tunywe?" Akionja, amekubali. Akikataa, wazee hubeba kofia zao. Sisi watu wa kanisa tuliacha pombe lakini hatukuacha swali, tukaliweka kwenye chai. Kwa hiyo vikombe vya bati vilikuwa vimejaa, mvuke unatoka, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Jirani hakujua ni binti yupi anayetakiwa, na kuuliza ingekuwa ni kukiri kwamba hajui yanayotendeka nyumbani kwake. Akamwita mkubwa. "Chai hii tunywe?" Mkubwa akasema yeye hawajui watu hawa. Wazee wa Ruiru wakatazamana. Jirani akasema ni haya tu, akamwita wa kati.

Wa kati akasema, "Nipeni nafasi nifikirie." Akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akaja hadi dirisha letu dogo la nyuma.

"Wewe!" akaninong'oneza. "Kuna watu kwetu wanataka kunioa."

"Najua."

"Yule kijana wa hapo mlangoni, unamwonaje?"

"Namwona ni wangu!"

Nikamweleza yote, barua, rangi, mlango. Alisikiliza akiwa ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Nilitegemea atacheka au atapiga kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Sasa hiyo ni mbaya," akasema. "Siwezi kuwaambia wamepotea. Watu wameombewa, wamekaa, chai imemiminwa. Baba atakufa kwa aibu, na wale wazee nao. Mimi naulizwa ndiyo ama hapana tu. Nikisema hapana, watachukua makofia zao waende mbio station, gari ni saa kumi na nusu. Hao hawarudi."

"Basi sema ndiyo!" nikasema kwa hasira, upumbavu mtupu.

Akanitazama. "Naweza kusema ndiyo," akasema taratibu. "Usifikiri siwezi. Nina miaka ishirini na nne na hawa ndio watu wa kwanza kuingia kwetu. Na si mbaya huyo kijana." Akaachia fremu. "Mama hairudishi chai ya wageni motoni. Nitakaa hapo jikoni nikifikiria mpaka iache kutoa mvuke. Ikiacha, nitaingia niseme kitu. Fanya haraka."

Sijawahi kumlaumu kwa maneno hayo. Ningekuwa yeye ningeionja ingali moto.

Nikamwendea baba, nikamwambia. Baba akasema chai ya watu haimhusu. Mama akasema, "Baba wewe, huyu mtoto atabaki." Baba akasema kama Mungu amepanga wageni waingie kwa jirani, yeye ni nani. Alisema hivyo lakini lile koti la kanisani alikuwa amelivuta kifuani kwa ngumi. Nilimpenda baba yangu sana, na siku hiyo nilitamani kumpiga na mwiko.

Nilitoka. Kwa haraka nikasahau kupita upande upande, bega langu likanata kwenye mlango, nikajibandua, gauni langu jeupe lililoshonwa kwa siku hiyo likabaki na bluu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Safu nzima ilikuwa nje. Wanawake waliokuwa wakipepeta maharagwe waliacha kupepeta. Hatua arobaini si nyingi, lakini zitembee ukiwa bibi harusi ambaye hajaulizwa, nusu nyeupe na nusu zahanati, ndipo utajua urefu wake.

Niliingia. Sikusalimu mtu. Nilikuwa nimepanga njiani maneno fulani ya heshima, yote yakatoweka. Niliona meza, vikombe, chai imetulia na kufanya ngozi juu. Nikachukua kikombe kilichokuwa karibu, nikanywa. Nilikinywa chote, hadi majani ya chini. Ilikuwa imepoa na sukari ilikuwa nyingi sana.

Msemaji wa Ruiru, mwenye fimbo, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Huyu ni nani?"

"Ni binti ya jirani," akasema mwenye nyumba.

"Mbona amekunywa chai yetu?"

Jirani akafikiri. Alikuwa bado anajaribu kuniokoa, Mungu amrehemu. "Ana kiu," akasema. "Amekuwa akipaka rangi."

Kutoka mlango wa jikoni, rafiki yangu akasema, "Baba, hao ni wageni wake."

Ningependa kusema kulitokea kelele. Hapana, ilitokea adabu, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Jirani akaomba msamaha kwa kuwapokea watu wasio wake. Msemaji akaomba msamaha kwa kupokewa. Jirani akasema yeye ndiye mkosaji, angewauliza. Msemaji akasema hapana, mgeni haulizwi. Baba yake kijana akaomba msamaha kwa niaba ya Ruiru. Saa ilikuwa inakwenda kuelekea saa tisa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha kuomba msamaha, hadi mama mwenye nyumba akatoka jikoni, akasema kwamba chai yake haimwagwi, kila mtu abebe kikombe chake aende nacho kule anakotakiwa.

Wakatoka kwa msafara, wazee wanne na kijana nyuma, vikombe vya chai baridi mikononi, jirani mbele akiwaongoza, wakavuka njia hadi kwetu. Nilikuwa nimewatangulia kwa kuzunguka nyuma na kupenya dirishani. Kila mmoja aliyeingia aligusa mlango, maana huwezi kupita upande upande huku umebeba chai na umevaa koti. Baba alikuwa amesimama. Akawapokea kana kwamba wamefika sasa hivi kutoka kituo cha gari la moshi.

"Karibuni, karibuni. Mmefika salama? Njia haikuwasumbua?"

"Hata kidogo," akasema msemaji wao, bluu sikio zima.

Wakaanza upya tangu mwanzo. Maombi, mafumbo, kitu kizuri katika boma, kijana kakosa usingizi. Lakini gari lilikuwa saa kumi na nusu, kwa hiyo msemaji aliyasema yote mbio mbio, bila kupumua, kama mtoto anayekariri. Na mimi, ambaye kila mtu mle ndani alikuwa ameniona nikimaliza kikombe, nilirudishwa nyuma ya pazia ili niweze kuitwa. Nikaitwa. Nikatoka nimeinamisha macho. Baba akaniuliza kama simjui msichana huyu, "Chai hii tunywe?" Nikanywa kikombe cha pili. Kilikuwa baridi kuliko cha kwanza.

Walikimbia hadi kituoni, wazee wale, na walilipata gari. Nilisikia kwamba askari wa lango kule kwao aliwapanga mstari akawahoji kwa nini wanaume watano wenye pasi ya arusi wote wana bluu bega la kulia. Pasi haikusema lolote kuhusu rangi, akawaachilia. Jirani naye alitengewa mbuzi wake katika mahari, kwa sababu wakwe waliingia kwake kwanza, na hadi alipofariki alikuwa akiniita binti yake wa chai. Rafiki yangu aliolewa miaka miwili baadaye upande wa Ngoliba, na siku athoni walipokuja kwao alionja chai ingali inachemka, akaungua ulimi.

Mimi nilihamia Gitothua, nikaanza maisha, na nikaanza kumwuliza mume wangu swali moja. Nilimwuliza mwaka wa kwanza, na kila tulipogombana miaka iliyofuata, na hatukukosa sababu za kugombana. Nilimwambia: uliniona mlangoni. Ulijua nyumba si ile. Ulikaa pale umenyamaza, binti wa watu akaitwa, na wa pili akaitwa. Kama nisingekuja, ungemwoa? Naye siku zote alijibu kitu kimoja, "Wazee walikuwa wanaongea," kisha akaenda kutafuta patasi yake. Nilikuwa naona ubaridi. Nilikuwa naona mtu ambaye angeoa popote alipoketishwa. Nimelala na jambo hilo kitanda kimoja miaka mingi kuliko nilivyolala na jambo lingine lolote.

Juzi juzi, kabla miguu yake haijaisha nguvu, wajukuu walikuwa wamekuja wakataka wasimuliwe, nami nikaona ni nafasi nzuri ya kumwaibisha mbele ya watu. Nikamwuliza tena. Hakusema habari ya wazee. Alikuwa akimenya chungwa, akaendelea kulimenya.

"Niliuona mlango unatiririka," akasema. "Halafu nikakuona wewe na hiyo mikono. Nikajua umepaka asubuhi hiyo. Nikafikiri, huyu msichana ametuandikia mlango wa kijani, halafu amebadilisha roho, akaona aibu kutuambia, akapaka rangi nyingine ndio tusimpate."

"Ukafikiri nimekukataa?"

"Ungepaka kwa sababu gani nyingine, siku hiyo?"

"Na ukakaa pale saa nzima na zaidi?"

"Nilikuwa nangoja chai ikataliwe, twende nyumbani," akasema. "Sikutaka wazee wajue ni wewe. Wangekusema vibaya."

Akawagawia watoto chungwa. Miaka yote hiyo nimemwuliza angeoa nani, na kumbe sijawahi hata siku moja kumwambia kwamba rangi ile niliipaka kwa ajili yake. Basi nikamwambia, palepale mbele ya wajukuu, nikiwa bado nimekasirika.